Darubini Ikae Wanapopita Watu

Hotuba kwa walimu, wazazi na wanafunzi, iliyotolewa Mbeya kabla ya kutazama anga usiku wa kiangazi

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, walimu wenzangu, akina mama na akina baba mliokuja na watoto, nanyi wanafunzi mliokaa mbele kwenye nyasi: wanaostahili shikamoo nawapa shikamoo zao, na wengine wote nawasalimu. Ndaga fijo kwa kuitikia wito huu katika mwezi wa Julai, ambapo baridi ya Mbeya humfanya mtu afunge mlango mapema na kujifunika blanketi. Mmekubali kukaa nje, nami nitajitahidi kumaliza kabla giza halijakamilika.

Nina jambo moja la kuwaeleza jioni hii, na yote nitakayoyataja yanalihusu hilo. Darubini ni chombo cha macho mengi. Tukiinunua au tukiitengeneza, kisha tukaifungia kabatini pamoja na vifaa vya maabara, tumeinyima kazi yake. Kazi yake inaanza pale inapowekwa wanapopita watu: kwenye uwanja wa shule, kwenye ua wa kanisa au wa msikiti, pembeni mwa stendi, karibu na soko la Mwanjelwa wakati wafanyabiashara wanafunga vibanda, ili mama aliyekuwa anaelekea nyumbani na kikapu chake asimame, ainame kidogo, auone Mwezi kwa jicho lake mwenyewe, kisha aendelee na safari. Raha inayopatikana hapo ni ya kimya, haimgharimu anayeipata hata shilingi moja, na mimi naihesabu miongoni mwa raha safi kabisa ambazo watu wa mji mmoja wanaweza kupeana.

Nianze na Zohali, kwa sababu hiyo ndiyo sayari inayowashika watu kuliko nyingine yoyote. Karibu kila mwanafunzi aliyepo hapa amekwisha kuiona kitabuni au kwenye simu. Chombo cha anga kiitwacho Cassini kiliizunguka kuanzia mwaka 2004 hadi 2017 na kutuma picha ambazo uzuri wake darubini yetu haiwezi kuukaribia. Ingefikiriwa basi kwamba aliyekwisha kuziona picha zile ataiona Zohali yetu kuwa kitu hafifu, kwa kuwa anachokikuta kwenye lenzi ni duara dogo la rangi ya manjano iliyopauka, limezungushiwa pete nyembamba, linaelea katika weusi, na lote pamoja halizidi punje ya hindi inayotazamwa kwa mkono ulionyooshwa. Lakini sivyo inavyokuwa. Mtu anainama, ananyamaza, halafu anainua uso na kuuliza kama kweli ndiyo yenyewe. Wapo wanaozunguka hadi mbele na kuchungulia mdomo wa bomba, wakitafuta kama kuna picha iliyobandikwa mle ndani.

Swali hilo la kama ndiyo yenyewe linastahili jibu la uzito. Nuru iliyoingia katika jicho la yule mtu ilitoka kwenye Jua, ikasafiri kwa dakika zipatazo 80 hadi Zohali, ikagonga mapande ya barafu yanayofanya zile pete, mengine madogo kama vumbi na mengine makubwa kama nyumba, kisha ikarudi kwa muda unaokaribiana na huo, ikashuka juu ya Mbeya, ikaingia kwenye bomba, ikagonga kioo, ikapita kwenye lenzi na kuishia nyuma ya mboni ya jicho lake. Hapakuwa na mpiga picha katikati, wala mhariri, wala mwalimu wa kumsadikisha. Pete anazoziona zina upana wa kilomita zipatazo 280,000 kutoka ncha hadi ncha, ilhali unene wake kwa sehemu kubwa ni makumi ya mita tu, na mtu huyo amezishuhudia mwenyewe, kama anavyoweza kushuhudia kwamba ameuona mlima Rungwe. Anayesimuliwa huweza kuamini au kutoamini. Aliyeona ana habari yake mwenyewe ya kupeleka nyumbani.

Na habari hiyo hubadilika kadiri miaka inavyokwenda. Zohali hulizunguka Jua kwa miaka ipatayo 29 na nusu, na katika safari hiyo pete zake huonekana kwetu zikiwa zimeinama kwa namna mbalimbali. Machi 2025 tulizipita kwa ubavu, zikawa uzi tu. Tangu hapo zinafunguka pole pole, mwaka hadi mwaka. Mtoto wa darasa la tatu anayezitazama sasa atakapokuwa amemaliza kidato cha nne atazikuta zimetanuka kabisa, na kama atakuwa ameweka mchoro wake wa usiku wa leo kwenye daftari, atakuwa na ushahidi alioukusanya yeye. Nawasihi walimu mwape wanafunzi penseli na karatasi wanapokuja kwenye darubini. Mtu anayechora hulazimika kutazama, na anayetazama kwa dakika tano huona mambo ambayo aliyechungulia kwa sekunde tano hakuyaona hata kidogo.

Niseme sasa juu ya foleni, maana ndiyo inayoutofautisha usiku kama huu na usiku wa mtu mmoja aliye peke yake na chombo chake. Katika foleni nyingi tunazozijua tunaogopa kwamba kitu kitakwisha kabla hatujafika mbele. Hapa hakuna kinachopungua. Wakitazama watu mia, wa mia moja na moja anaikuta Zohali ikiwa nzima. Nadhani ndiyo sababu watu hawasukumani, na sauti hushuka zenyewe bila mtu kuagiza ukimya. Aliyemaliza kutazama humgeukia aliye nyuma yake na kumwelekeza, hata kama hawajuani: usishike bomba, fumba jicho lile jingine, subiri kidogo litulie. Mjukuu humwongoza babu, kisha babu akishaona huanza kueleza namna wazee wake walivyozitambua nyota za msimu wa kulima. Sijui mkutano mwingine ambamo mtoto na mzee wanafundishana kwa usawa kiasi hicho, na ninatamani walimu wa sayansi mlitie jambo hilo maanani, kwa sababu katika madarasa yetu mafunzo kwa kawaida huenda upande mmoja.

Kuna raha nyingine ambayo wageni huiona kama usumbufu mpaka waelezwe. Mtu anaweka jicho, anaiona sayari katikati, na baada ya muda mfupi inasogea pembeni na kutoweka. Anadhani ameigusa darubini. Hakuigusa. Dunia imegeuka. Anga lote huonekana likizunguka nyuzi 15 kwa saa moja, kwa hiyo katika lenzi inayoonyesha nusu nyuzi ya anga, kitu kilicho karibu na ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya Dunia, huvuka kutoka ukingo hadi ukingo kwa dakika 2 tu. Tunafundisha mzunguko wa Dunia darasa la nne na la tano, tunauchora ubaoni, tunautungia maswali ya mtihani, na watoto wanajibu sawasawa. Lakini kuuona ukitokea mbele ya jicho, kiasi cha kulazimika kuisogeza darubini kila mara ili kuufuata mwendo huo, ni elimu ya aina nyingine. Kwa sababu hiyo mimi hupendelea darubini isiyo na mota. Yenye mota ina faida zake kwa wapiga picha, lakini inamficha mtazamaji mwendo wa ardhi aliyoikanyaga.

Desturi ya kuwaita watu waje wachungulie ni ya zamani kama darubini yenyewe. Agosti 1609, Galileo, mwanasayansi wa Italia, alipokuwa ameboresha chombo kilichobuniwa Uholanzi mwaka mmoja kabla, aliwapandisha wakuu wa Venice kwenye mnara wa kengele wa Mtakatifu Marko wakaangalie bahari. Aliandika katika barua kwamba masenata wengi, wakiwa wazee, walipanda ngazi za mnara huo zaidi ya mara moja ili kuziona meli ambazo kwa macho matupu zingeonekana saa mbili au zaidi baadaye. Nawapenda sana wazee hao, walioona kitu kwenye ncha ya mnara wakataka kukiona tena. Miezi michache baadaye, usiku wa tarehe 7 Januari 1610, Galileo aliielekeza darubini bora zaidi kwenye Mshtarii, akaona nyota ndogo tatu zimepangana kwa mstari kando yake. Siku zilizofuata zilikuwa zimehama, na kabla wiki haijaisha alikuwa ameitambua ya nne. Ilikuwa miezi inayoizunguka sayari nyingine. Imani kwamba kila kitu angani kinaizunguka Dunia haikuweza tena kusimama kama zamani.

Jambo linalonifurahisha ni kwamba ugunduzi huo unaweza kurudiwa na mtu yeyote wa Mbalizi, Makambako au Mafinga aliye na darubini ndogo kabisa, hata ile ya mkononi ya kutazamia wanyama porini, mradi aiegemeze mahali imara. Io, uliyo wa ndani kabisa kati ya miezi ile minne, huizunguka Mshtarii kwa saa zipatazo 42 na nusu, kwa hiyo ukichora nafasi yake saa 2 usiku na ukachora tena saa 5, tofauti itaonekana waziwazi. Ganimede ni mkubwa kuliko sayari ya Utaridi. Mwaka 1676 Ole Rømer, Mdenishi aliyekuwa akifanya kazi Paris, alionyesha kwa kufuatilia kupatwa kwa Io kwamba nuru huchukua muda kusafiri, jambo ambalo wengi wa zama zake hawakulikubali. Yote hayo yalitokana na vidoa vinne ambavyo mtoto anaweza kuvihesabu.

Mtu aliyeirudisha darubini mitaani katika zama zetu, na ambaye napenda mafundi wetu wamjue, ni John Dobson. Alizaliwa Beijing mwaka 1915, akakulia San Francisco, akasomea kemia, kisha akaingia katika monasteri ya Vedanta, falsafa ya dini ya Kihindu, mwaka 1944. Akiwa mtawa asiye na fedha alianza kusugua vioo kutoka katika vipande vya vioo vya madirisha ya meli vilivyotupwa, akavifunga kwenye mabomba ya karatasi ngumu, akatengeneza kitako cha mbao kinachozunguka kwa urahisi na kushika mahali kinapoachwa. Alitoka katika monasteri hiyo mwaka 1967, na mwaka uliofuata yeye na vijana aliowafundisha wakaanza kikundi cha kuwaonyesha wapita njia nyota kando ya barabara za San Francisco. Aliendelea na kazi hiyo karibu mpaka kifo chake mwaka 2014. Kitako cha namna yake kinatumika leo duniani kote, kwa sababu kinahitaji plaiwudi, misumari, gundi na fundi seremala mwenye vipimo sahihi, na mafundi wa aina hiyo tunao Soweto, Uyole na Iringa mjini. Kioo chenyewe kitalazimu kuagizwa, au kusuguliwa kwa uvumilivu mkubwa. Sehemu zote zilizobaki zinaweza kutengenezwa hapa.

Tena sisi wa nyanda za juu kusini tumepewa anga ambalo wengi wangelitamani. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta na Iringa karibu nyuzi 8. Maana yake ni kwamba tunaona karibu nyota zote, za kusini na za kaskazini. Saa 2 usiku katika mwezi huu wa Julai, Msalaba wa Kusini uko upande wa kusini-magharibi, na wakati huohuo mkia wa Dubu Mkubwa unaonekana kaskazini-magharibi. Mtu wa London hauoni Msalaba huo maisha yake yote akiwa kwao, na mtu wa Cape Town haoni nyota zote za Dubu. Giza letu nalo linaingia mapema. Huko Uingereza, katika miezi yao ya joto, mwanga wa jioni hukawia hadi karibu na usiku wa manane, na mtoto hulala kabla nyota hazijatoka; hapa, kufikia saa 2 usiku giza limeshakaa, na mtoto anaweza kutazama kwa saa nzima na bado akaamka kwenda shule.

Urefu wa nchi yetu kutoka usawa wa bahari ni neema nyingine. Mji wa Mbeya uko kwenye mita zipatazo 1,700, na uwanda wa Kitulo, ambao wengi wetu tunaujua kwa maua yake na ambao ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, uko kwenye mita zipatazo 2,600. Aliyesimama Kitulo ameiacha chini yake zaidi ya robo ya hewa yote ya Dunia, na ni hewa hiyo inayofanya nyota zimetemete na picha kwenye darubini itikisike. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, mawingu hupungua na vumbi la Njia ya Maziwa huonekana juu ya vichwa, hasa karibu na kundi la nyota la Nge, ambako ndiko uliko upande wa kitovu cha galaksi yetu. Tukuyu na Mufindi wana mawingu na ukungu zaidi, nawapa pole. Lakini wa Mbarali, Chunya, Iringa na Makete, kwa usiku mwingi wa kiangazi, hawana kisingizio.

Naomba nikae kidogo kwenye umbali, kwa sababu hapo ndipo darubini inapomfanya mtu atulie kuliko popote. Ile nyota angavu iliyo mashariki mwa Msalaba wa Kusini ni Alfa Kentauri. Kwa jicho tupu ni moja. Kwa darubini ni mbili, zote za rangi ya dhahabu, majua mawili yanayozungukana kwa miaka ipatayo 80. Nuru yake ilianza safari zaidi ya miaka minne iliyopita, yaani mwanafunzi aliye darasa la tano leo alikuwa anaanza darasa la kwanza. Karibu na hapo kuna doa la ukungu ambalo jicho zuri hulipata bila msaada: Omega Kentauri, fungu la nyota zipatazo milioni 10 zilizokusanyika katika tufe moja. Nuru yake imesafiri takriban miaka 17,000. Katika darubini ya wastani doa hilo huvunjika na kuwa nyota moja moja, nyingi kiasi kwamba jicho linakata tamaa ya kuzihesabu, na sijaona kitu kingine kinachowafanya watu wazima warudi mwisho wa foleni kwa hiari yao ili wapate zamu ya pili.

Atakayeamka alfajiri mwezi wa Agosti au Septemba na kutazama kusini ataona kitu kama kipande cha wingu kisichohama na upepo. Ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani, na nuru yake imekuwa njiani kwa miaka ipatayo 160,000. Wenzetu wa Iringa wana mahali pa kuupima muda huo. Kule Isimila, kilomita chache kutoka mjini, yako mashoka ya mawe ambayo wataalamu wengine wameyakadiria kuwa na umri wa miaka 260,000 hivi. Kwa makadirio hayo, watu walikuwa wamekwisha kuyachonga na kuyaacha kwenye mchanga wa mto kabla nuru ya wingu lile haijaanza safari. Nashauri kila shule inayowapeleka wanafunzi Isimila mchana iwabakishe na giza, wayaone yote mawili kwa siku moja.

Wala hatuanzi bila historia. Mkoani Songwe, katika kilima cha Marengi, kipo kimondo cha Mbozi, pande la chuma na nikeli lenye uzito unaozidi tani 10, ambalo wenyeji walilijua kabla halijaandikwa vitabuni mwaka 1930. Watu wengi wa kwetu wamekishika kwa mkono kitu kilichotoka nje ya Dunia, jambo ambalo wakazi wa miji mingi mikubwa hawajalifanya. Na tarehe 1 Septemba 2016, karibu saa sita mchana, Mwezi ulipita mbele ya Jua na kuacha pete ya moto juu ya Rujewa, wilayani Mbarali. Watu walitoka mikoa mbalimbali na nchi za nje, wakasimama uwanjani na wanakijiji, wakiwa na miwani maalumu, wakatazama juu kwa pamoja. Waliokuwapo wanajua ninachokieleza ninaposema juu ya raha ya kutazama katikati ya watu. Kupatwa kwa Jua kwa namna ile hakutokei kijiji kimoja mara kwa mara, lakini Mwezi, sayari na nyota ziko kila kiangazi, na umati ule unaweza kukusanyika tena kidogo kidogo, mtaa kwa mtaa, bila kusubiri tukio la nadra.

Kinachohitajika si kingi. Kioo chenye upana wa milimita 200 hukusanya nuru zaidi ya mara 800 ya ile inayokusanywa na mboni ya jicho iliyofunguka kabisa gizani, na darubini ya ukubwa huo inabebwa na watu wawili. Itolewe nje nusu saa kabla ya watu kufika, ili kioo kipoe na kulingana na hewa. Katika baridi yetu hilo ni la lazima, maana kioo chenye joto hutikisa picha. Jicho nalo lina maandalizi yake: huchukua dakika 20 hadi 30 kulizoea giza, na mwanga wa simu moja huiharibu kazi hiyo kwa wote walio karibu. Anayehitaji tochi aifunge kwa kitambaa au karatasi nyekundu. Mchana, darubini isielekezwe kamwe kwenye Jua bila kichujio maalumu kilichofungwa mbele ya bomba. Jicho huungua kwa nukta moja na haliponi, kwa hiyo mwalimu asiiache darubini uwanjani bila mtu mzima.

Na kwa viongozi wa mitaa na wa halmashauri mliopo, nina ombi. Taa za barabarani ni haki ya wananchi na hakuna anayezipinga. Zifungwe zikiangaza chini, zenye kofia, ili mwanga uende kwa mtembea kwa miguu; ule unaokwenda juu umelipiwa na haumsaidii yeyote, tena unazifuta nyota. Dar es Salaam wameshaipoteza Njia ya Maziwa. Mbeya bado tunayo ukipanda kidogo kuelekea Loleza au Isyonje, na Iringa wanaweza kukaa juu ya jiwe la Gangilonga wakaona mengi. Miji yetu inakua haraka, na uamuzi juu ya taa hizo unafanyika sasa.

Giza limeshakaribia, kwa hiyo nieleze utaratibu wa usiku huu. Mwezi uko robo ya kwanza, na huo ndio wakati wake bora, kwa sababu Jua linaupiga kutoka ubavuni na vivuli vinakuwa virefu. Mwezi mpevu hung'aa sana lakini hauna vivuli, na milima yake hupotea. Tazameni kwenye mpaka wa nuru na giza. Mtaona kreta, yaani shimo la duara, iitwayo Ptolemaeus, yenye upana unaozidi kilomita 150, kubwa kuliko safari ya barabara kutoka hapa hadi Tunduma, na kaskazini mwake safu ya milima ya Apenini yenye vilele vinavyofika kilomita 5 hivi. Darubini kubwa itaanza na Mwezi, kisha itahamia Alfa Kentauri, kisha Omega Kentauri. Ile ndogo itabaki kwenye fungu la nyota lililo kando ya Msalaba wa Kusini, lenye nyota moja nyekundu katikati ya zile za buluu. Wanafunzi wa kidato cha pili watawaeleza, wamejiandaa vizuri, waulizeni maswali. Mwezi utatua karibu na saa sita usiku na anga litakuwa jeusi zaidi, nao ndio muda ambao Zohali itakuwa inachomoza mashariki. Watakaovumilia baridi hadi hapo wataiona, ingawa itahitaji kupanda kidogo kwanza ili picha itulie.

Wazee na mama wenye watoto wachanga watangulie. Wenye miwani ya kuona mbali waivue, fundi wetu atawarekebishia lenzi. Watoto wafupi wamewekewa kiti. Foleni ya darubini kubwa inaanzia kwenye mikaratusi ile, na ya darubini ndogo inaanzia langoni. Simu zote zizimwe mwanga, na karibuni.